Uhuru kwa Mpingo wa Masasi

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma lililosimikwa baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Kichwani ilibeba setilaiti ya kilo 141 na nusu, pipa lenye upana wa sentimita 56 na urefu wa sentimita 116, na mabawa manne ya sola. Kwenye vitabu vya NASA iliandikwa SAS-A, na baadaye Explorer 42. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi huo, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi iliyoipokea na ya siku yenyewe.

Uhuru iliizunguka dunia juu ya ikweta, ikitoka nje ya mstari huo kwa nyuzi 3 tu, kaskazini au kusini, kwa kimo cha kilomita 500 na ushei. Masasi iko nyuzi 10 na dakika 43 kusini mwa ikweta. Ukikaa na kalamu ukapiga hesabu, utaona kwamba setilaiti hiyo ilikuwa ikipita katika anga letu la kaskazini kila baada ya saa moja na dakika arobaini hivi, ikitokea magharibi na kwenda mashariki, kwa wastani nyuzi 18 hivi juu ya upeo wa macho. Hiyo ni kama mara 14 kila siku, mwaka baada ya mwaka, hadi Aprili 1979 iliporudi kwenye hewa nzito ikaungua. Udogo wake haukuiruhusu kuonekana kirahisi kwa macho matupu. Mkulima aliyekuwa akiokota korosho Newala Desemba ile alipitiwa na chombo kilichokuwa kikibadilisha elimu ya nyota ya dunia nzima, na hakuna aliyemwambia.

Kwa sababu hiyo natamani kuona modeli ya Uhuru ikichongwa huku kwetu, kwa mpingo, na mikono inayoujua mpingo. Ili ichongwe sawasawa, mchongaji anahitaji historia yake, maana kwenye kazi hii kila kijisehemu kina sababu ya kuwepo, na asiyejua sababu hukosea umbo.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani waliianza kazi hii kwa plastiki. Miaka ya 1960 kampuni za Revell na Monogram kule Marekani, na Airfix kule Uingereza, ziliuza maboksi ya vyombo vya anga yaliyogawanywa vipande vipande. Mtoto alifungua boksi akakuta vipande vimeshikamana na fremu yake ya plastiki. Akavikata kwa kisu, akasugua makovu kwa msasa, akaunganisha kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo ili pande mbili zishikane kabisa, kisha akapaka rangi na kubandika maandishi yaliyolowekwa majini. Saturn V ya Airfix ilitengenezwa kwa kipimo cha 1 kwa 144, hivyo roketi ya mita 110 ikawa na urefu wa sentimita 77, ya kukaa juu ya kabati. Kwa watoto wengi hapo ndipo anga ilipoanza kuingia nyumbani. Waliokua na kubobea hawakuridhika na kilichomo kwenye boksi. Walitupa antena nene za plastiki wakaweka waya mwembamba, wakachonga upya mistari ya mabati, wakatafuta picha za chombo halisi ili wajue ni skrubu zipi zilionekana na zipi zilifunikwa. Kazi hiyo ya kuongeza undani ndiyo naiona kuwa moyo wa ufundi wote. Kuunganisha vipande ni jambo la jioni moja tu. Undani unamdai fundi asome.

Boksi lina upungufu mmoja mkubwa: anayelitengeneza ndiye anayeamua nini kikumbukwe. Kapsuli ya Mercury, chombo cha Wamarekani cha kubeba rubani, ilikuwa miongoni mwa modeli zilizouzwa, lakini ndani ya boksi lile hakukuwa na Zanzibar.

Zanzibar iliingia kwenye habari hii Oktoba 1960, Marekani na Uingereza zilipotia saini mkataba wa kujenga kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury kisiwani Unguja. Uingereza ndiyo iliyokuwa bado mlinzi wa Usultani. Kituo kilijengwa Tunguu. Marekani haikuwa na njia nyingine ila kuuzungushia ulimwengu mnyororo wa vituo, kwa sababu redio ya wakati ule ilikisikia chombo kwa dakika chache tu kikiwa juu ya upeo, kisha kikapotea. Chombo kilitoka Florida kikaipita Bermuda, kikavuka Atlantiki hadi visiwa vya Kanari, kikapita Kano, Nigeria, kikafika Zanzibar, halafu meli katika Bahari ya Hindi ikakipokea na kukipitisha Australia. Kati ya Kano na meli ile, aliyekuwa na sikio ni Zanzibar peke yake.

Kisiwani kituo hicho hakikupokelewa kwa shangwe. Zilikuwa siku za vyama na uchaguzi, na wananchi walipoona minara na Wamarekani waliona kambi ya makombora. Kulikuwa na maandamano na hotuba kali. Siwezi kuwalaumu. Watu ambao hawakuulizwa walipokuwa wakitawaliwa hawakuulizwa tena ardhi yao ilipotiwa kwenye mashindano ya Marekani na Urusi. Katika kituo chenyewe kazi ilikuwa kupokea sauti ya rubani na takwimu za mwili wake na za mitambo, kisha kuzituma kwa simu ya maandishi hadi Maryland.

Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga Mmarekani John Glenn alirushwa ndani ya kapsuli aliyoiita Friendship 7. Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa inakaribia saa 12 jioni. Karibu nusu saa baadaye, jua la Unguja likielekea kuzama, alikuwa akizungumza na Zanzibar. Daktari wa kituo alikuwa akifuatilia moyo wake. Glenn alivuta kamba ya mazoezi iliyofungwa chini ya dashibodi ili ionekane kama moyo wa binadamu asiye na uzito hupanda na kutulia kama wa aliye ardhini. Ulipanda, ukatulia. Mara tu baada ya hapo akaingia usiku wake wa kwanza angani, juu ya Bahari ya Hindi. Alizunguka mara tatu kwa muda usiotimia saa 5.

Mchongaji asikilize hapa, kwa sababu umbo la Friendship 7 limebeba mkasa wa siku ile. Kapsuli ya Mercury ina umbo la koni, upana wa chini karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.3. Chini yake ni ngao ya joto iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu, kazi yake kuungua taratibu na kuondoka na joto. Nje ya ngao kulifungwa, kwa mikanda mitatu ya chuma, furushi la roketi ndogo sita: tatu za kuisukuma kapsuli iachane na roketi kubwa, tatu za kupunguza mwendo ili irudi duniani. Furushi hilo lilipaswa kutupwa kabla ya kuingia hewani. Lakini siku ile taa moja kituoni iliashiria kwamba ngao ya joto imelegea. Wakuu wa safari wakaamua furushi libaki na mikanda yake, huenda likaishikilia ngao mahali pake. Glenn akashuka ndani ya moto akiona vipande vya furushi vinavyowaka vikipita mbele ya dirisha lake. Baadaye ilibainika kwamba ngao haikulegea hata kidogo, kilichokosea ni swichi. Basi anayechonga Friendship 7 ikishuka bila mikanda mitatu amechonga Mercury nyingine.

Rangi yake itamfurahisha mtu wa Makonde. Ubavu wa koni ulifunikwa kwa mabamba ya aloi ya nikeli yenye mikunjo myembamba kama ya bati la nyumba, yaliyotiwa weusi ili yatoe joto nje upesi. Kiini cha mpingo, kikishapigwa msasa mkavu bila kung'arishwa, kina weusi uleule wa kijivu. Hakihitaji rangi. Mikunjo ipigwe kwa patasi nyembamba, mstari kwa mstari, ikielekea kileleni. Kwa maandishi nashauri mkono na brashi, maana hata kwenye kapsuli halisi jina la Friendship 7 lilipakwa kwa mkono na msanii Cecelia Bibby, kwa ombi la Glenn mwenyewe.

Mwisho wa kituo cha Tunguu unajulikana. Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964, na Wamarekani wa kisiwani wakaondolewa kwa manowari ya USS Manley. Miezi michache baadaye serikali ya Rais Abeid Amani Karume iliitaka Marekani iondoe kituo, na kazi yake ikahamia Madagaska. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo ukaja Muungano.

Miaka 3 kamili baadaye, tarehe 26 Aprili 1967, pwani yetu ilirudi angani kwa mlango mwingine. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma alikuwa ameishawishi Italia ijenge kituo cha kurushia roketi karibu na ikweta, tena juu ya maji. Ikweta ina faida: dunia yenyewe inapozunguka huisukuma roketi kwa zaidi ya mita 460 kila sekunde kuelekea mashariki. Bahari nayo ina faida, kwani vipande vinavyodondoka havimwangukii mtu. Majukwaa mawili yakasimikwa Ngomeni, Santa Rita lililokuwa la kazi za mafuta likafanywa chumba cha kuongozea, na San Marco likawa la kurushia. Roketi ya Scout iliunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda refu, hatua zake nne zote za baruti ngumu, kisha ikainuliwa. Kati ya 1967 na 1988 Scout 9 ziliruka kutoka hapo.

Ya kwanza ilibeba setilaiti ya San Marco 2, na hii ningependa mchongaji asiipite haraka. Ni mpira wenye kipenyo cha sentimita 66, lakini ndani yake mna siri: ganda jepesi la nje limeshikwa kwa viungo vyenye mnyumbuko na mwili mzito wa ndani. Hewa kidogo iliyobaki kule juu inapolisukuma ganda, ganda husogea kiasi kidogo mno dhidi ya mwili wa ndani, na mwendo huo hupimwa. Kwa njia hiyo Broglio alipima msongamano wa hewa mahali ambapo karibu hakuna hewa. Mpira ndani ya mpira, umetenganishwa kwa upenyo mdogo! Anayewajua wachongaji wa Newala, wanaotoa ukoo mzima wa watu waliopandana kwenye gogo moja bila gundi wala kiungo, anajua kwamba hii ni kazi iliyokuwa ikiwangoja.

Sasa Uhuru yenyewe. Miale ya eksirei kutoka kwenye nyota haifiki ardhini, hewa huimeza yote. Kabla ya 1970 wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zilizochungulia kwa dakika chache na kuanguka. Riccardo Giacconi na wenzake katika kampuni ya American Science and Engineering walitaka jicho linalokaa huko. Ikweta ilichaguliwa pia kwa sababu nyingine: njia ya hapo hukwepa sehemu kubwa ya ukanda wa mionzi unaoshuka chini juu ya Atlantiki ya kusini, mionzi ambayo ingelijaza jicho hilo kelele.

Vifaa vya kuhesabia miale vilikuwa viwili, vimegeuziana migongo, kila kimoja kikiwa na eneo la sentimita 840 za mraba na madirisha membamba ya berili. Kimoja kiliangalia kipande cha anga cha nusu nyuzi, kingine cha nyuzi 5. Pipa zima lilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na kulifagia anga ukanda kwa ukanda. Gurudumu lililokuwa ndani liliutuliza mwili, na usumaku ulitumika kuuelekeza. Kwa hiyo, fundi, tundu la upande mmoja lisifanane na la upande wa pili. Ukichonga matundu mawili mapacha umeipofusha nusu ya kazi yake: tundu finyu ni la kujua nyota iko wapi hasa, na tundu pana ni la kukusanya mwanga hafifu.

Ilichokiona kiliwashangaza hata walioituma. Katika kundi la Centaurus kulikuwa na chanzo kilichopiga kila baada ya sekunde 4.8, na kila baada ya siku 2 na kidogo kilizimika, kwa kuwa kilikuwa kikipita nyuma ya nyota jirani. Ilikuwa nyota iliyokufa na kusinyaa, ikimnyonya mwenzake. Katika Cygnus, chanzo cha X-1 kilimetameta ovyo na kwa kasi kubwa, na watu wakaanza kuamini kwamba wameliona, kwa mara ya kwanza, shimo jeusi. Kazi ilikoma Machi 1973. Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Jina hilo lina upande mwingine ambao mtu wa Masasi hawezi kuunyamazia. Wakati Uhuru inaruka, kusini mwa pwani hiyohiyo, katika Kwale, waliishi Wamakonde ambao wazee wao walikuwa wametoka Msumbiji na kusini mwa Tanganyika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Walizaa na kuzika Kenya, wakachonga vinyago vilivyouzwa kwa watalii, na hawakuwa na kitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na mwishoni mwa mwaka huo wakaanza kupewa vitambulisho. Miaka 46 ilikuwa imepita tangu setilaiti ile ipewe jina lake. Ikichongwa Uhuru ya mpingo, ningependa mmoja wa wachongaji awe wa kutoka Makongeni, kwa Wamakonde hao wa Kwale.

Tuje kwenye gogo. Nachagua kipimo cha 1 kwa 10, kwa sababu pipa la Uhuru linakuwa sentimita 5.6 kwa 11.6, na kiini safi cha mpingo cha unene huo kinapatikana bila kuangusha mti mkubwa. Lakini uzito utamdanganya fundi. Kipimo kikishuka mara 10, ujazo hushuka mara 1,000, hivyo Uhuru ya kilo 141 inapaswa kuwa na gramu 141. Pipa la mpingo lisilo na uwazi ndani litakaribia gramu 340. Mpingo huzama majini, ilhali Uhuru halisi, ukigawa uzito wake kwa ujazo wake, ilikuwa nyepesi kuliko maji. Anayetaka modeli yake ishikike mkononi kwa uzito wa haki aipasue kwa urefu, aichimbe hadi ukuta ubaki milimita 5, kisha aiunganishe. Afanye hivyo gogo likiwa limekauka kivulini kwa muda mrefu na ncha zake zikiwa zimepakwa nta, kwa kuwa mpingo wenye haraka hupasuka. Mabawa ya sola yatoke kwenye weupe wa nje wa mti uleule, yakatwe membamba, na mistari ya seli ipigwe kwa sindano iliyopashwa moto. Mishono ya pipa ielekee kwenye mabawa mawili yanayokabiliana, itafichika.

Kapsuli ya Glenn kwa kipimo hichohicho ina kitako cha sentimita 19. Mpingo wa unene huo, usio na tundu moyoni, ni adimu, na kuutafuta ni kuuonea msitu. Ijengwe kwa vibamba vya mpingo juu ya mti mwepesi. Chombo halisi nacho kilivikwa mabamba juu ya mwili mwingine, kwa hiyo hakuna udanganyifu wowote.

Kuna chombo cha nne. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka chumba cha Kibo cha Japani katika kituo cha kimataifa cha anga. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na Sapienza ya Roma, chuo kilekile cha Broglio, na ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 tu kila upande. Hii inaweza kuchongwa kwa kipimo chake kamili katika karakana yoyote ya shule ya Masasi, na mwanafunzi akaishika setilaiti nzima kwenye kiganja bila kugawa kwa chochote. Kwenye rafu moja na zile nyingine, hata hivyo, inabidi ifuate 1 kwa 10: Mercury sentimita 33 kwenda juu, mpira wa San Marco 6.6, Uhuru 11.6, na mchemraba wa sentimita 1. Huo ukatwe mwisho, kwenye ncha ya gogo lilelile la Uhuru, na uwekwe upande wa kaskazini wa rafu.